Niliagwa Nikabaki

Hakuna aibu inayochosha kama kuagwa na kanisa zima, kwa nyimbo na mbuzi, halafu wiki ileile ukaonekana sokoni Bunia ukinunua chumvi. Mara ya kwanza watu wanacheka nawe. Mara ya pili wanakuhurumia. Ukifika mwezi wa tatu wanaanza kukutazama kama mgeni aliyekwisha kula na bado hajauona mlango.

"Weye iko bado hapa?" aliniuliza mama mmoja wa kanisa letu, aliyeuza samaki wa ziwani. "Siye tunawaza weye umefika Senegal zamani."

"Karatasi hazijakuja, mama."

"Ah. Karatasi."

Akanifungia samaki wangu katika jani, akaongeza mmoja mdogo wa bure. Samaki yule wa bure aliniuma kuliko tusi. Nilikwenda naye nyumbani, nikamkaanga, nikamla na miiba yake kwa hasira.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilifundisha katika shule ya wanawake ya kanisa, tuliyoiita foaye, upande wa Mudzipela: kusoma, kushona, kuogesha watoto, kupika uji wa soya ambao watoto wenyewe waliukataa. Sikuwa nimeolewa. Wanaume wawili walikuwa wamekuja kuuliza, wote watu wazuri, na wote niliwakataa, maana nilipowaza kukaa katika ua mmoja mpaka uzeeni miguu iliniwasha. Mama yangu alizoea kusema nilizaliwa na haraka, kwamba mkunga alikuwa bado anatafuta maji na mimi nimeshatoka. Baba alikufa nikiwa msichana mdogo. Kaka zangu walioa wakahamia Kisangani, na barua zao zilikuja mara moja kwa mwaka, zikiwa na salamu nyingi na habari chache. Tulibaki wawili katika nyumba ya matofali mabichi, mama na shamba lake la maharagwe, mimi na miguu yangu.

Jumapili moja mchungaji alisoma barua mbele ya kanisa. Wakristo wa Senegal walikuwa wachache, alisema, na walitaka mwanamke wa kuwasaidia kuanzisha foaye kama yetu, mwanamke Mwafrika anayejua Kifaransa. Mpaka siku ile sisi tulikuwa watu wa kutumiwa wamisionari. Wazungu walikuja kwetu na masanduku yao na dawa zao, nasi tuliimba wakifika na tukaimba wakiondoka. Sasa tuliombwa sisi. Mchungaji alisema hivyo, halafu akauliza kama kuna mtu ambaye Mungu anasema naye.

Nilinyosha mkono. Nimejiuliza mara nyingi nani aliyeuinua. Ninaamini Mungu alikuwamo, sitamtoa. Lakini nilikuwamo mimi pia, na barabara ya Mudzipela niliyoikanyaga asubuhi na jioni miaka saba, na wale wanaume wawili wazuri, na ramani ya Afrika iliyotundikwa darasani ambayo nilikuwa nimeona kidogo tu upande wake wa kulia. Mkono ulipanda kabla sijamaliza kuwaza. Wamama wakapiga vigelegele, na mtu nyuma yangu akaanza wimbo.

Sasa lazima nieleze desturi ya vikwembe, maana bila hiyo hamtaelewa taabu yangu. Kikwembe ni kitenge cha mwanamke, na kwetu mwanamke anaweza kuwa na vitatu vya kazi lakini kizuri ni kimoja, cha kanisani na cha arusi. Kanisa letu lilipomtuma mtu mbali, wamama walitandika vikwembe vyao vizuri chini, kimoja baada ya kingine, kutoka mlangoni mpaka mimbarani, na anayetumwa akapita juu yake na viatu vyake. Kisha kila mama aliokota chake, akakikunja bila kukikung'uta, akakiweka sandukuni na vumbi lile. Hakifuliwi wala hakivaliwi mpaka habari zije kwamba mtu amefika. Kwa mchungaji anayehamishiwa Bule au Mahagi, habari zilikuja baada ya siku nne. Hakuna aliyekuwa amewaza habari za kutoka Senegal.

Na tuliharakisha. Mgeni mkubwa wa kanisa alikuwa anapita Bunia juma lile, alitakiwa aombe juu yangu, na mbuzi alikuwa amekwisha kupatikana. Mtu mmoja kwenye komite ya kanisa aliuliza kama tusingoje kwanza pasipoti. Akajibiwa kwamba pasipoti ni suala la majuma mawili, na mbuzi hawezi kungoja. Kwa hiyo nikaagwa.

Vilikuwa vikwembe thelathini na viwili. Kile cha kwanza kabisa, pale mlangoni, kilikuwa cha mama yangu, cha bluu chenye ndege wa manjano, alichokinunua baada ya mavuno mazuri. Alikitandika mwenyewe, akakinyosha pembe zake nne kwa mikono miwili, akasimama kando. Nilikanyaga. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana, nilitazama mbele kama bibi arusi, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Majuma mawili yakapita, na miezi miwili ikapita. Faili langu lilikwenda Kisangani, likapanda Kinshasa, likarudi kwa sababu ya picha. Tukalituma tena. Likarudi kwa sababu cheti changu cha ubatizo kilikuwa na jina la Kikristo, na serikali ilikuwa imekataza majina hayo tangu zamani. Kila mtu alilazimika kuwa na jina la mababu, nami nilikuwa nalo, ila cheti hakikulijua. Tukaandika barua ya kueleza. Kila Jumatatu nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye foni, ile redio ambayo wamisionari waliongea nayo na Nyankunde na Kinshasa, nikakaa kwenye benchi la nje nikisikiliza makelele yake, mpaka msimamizi atoe kichwa dirishani.

"Bado," alisema.

Baadaye aliacha hata kusema. Alitikisa kichwa tu, nami nikainuka.

Kazi sikuwa nayo. Foaye walikuwa wamempa mwanamke kijana, mke wa mwalimu mmoja, na kitanda changu nilikuwa nimempa yeye pia, pamoja na sufuria mbili, kwa ukarimu wa mtu anayeondoka. Nililala kwenye mkeka chumbani kwa mama. Siku za kwanza nilipita karibu na foaye kusikiliza, nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba mambo yanaharibika. Hayakuharibika. Wanafunzi wangu walisoma kwa sauti ambazo mimi sikuwahi kuzipata kwao, na uji wa soya, yule binti alikuwa ameutia ndizi, watoto wakaunywa. Niligeuka nyumbani. Nilifagia ua uliokuwa umefagiliwa. Nilikwenda mtoni Shari bila ndoo nikarudi bila maji.

Krismasi ilinikuta Bunia. Nadhani hapo ndipo wamama walielewa kweli walichofanya, na mimi pia. Waliingia kanisani wamevaa vikwembe vya shambani. Vilikuwa safi, vimepigwa pasi, lakini vya shambani, rangi imekimbia, na mmoja nyuma alikuwa na kiraka. Vizuri vilikuwa sandukuni na alama za viatu vyangu. Mwezi wa pili mama mmoja aliozesha mtoto wake wa kiume, akasimama mbele ya wakwe kwa kikwembe cha kuazima kisichomtosha kiunoni. Alinipita akiwa na sinia la wali.

"Ukifika Senegal," alisema akicheka, "usikae kwanza chini. Andika barua, tufue."

Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka. Mama yangu hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu. Nilipomwambia nyumbani afue chake tu, kwamba Mungu hatakasirika juu ya sabuni, alisema: "Nitafua namna gani miye peke yangu? Miye ndiye mama yako." Akaendelea kuchambua maharagwe.

Mchungaji aliona nimeanza kukonda. Aliniita akasema kanisa dogo la Nizi, huko wanakochimba dhahabu, linaomba mtu wa kufundisha wanawake. Majuma matatu tu, alisema, mpaka pasipoti ije. Nilikubali kabla hajamaliza, kama kawaida yangu. Hakuna aliyenyosha wala kutandika kitu chochote. Nilipanda lori la magunia ya viazi asubuhi, nikakaa juu ya gunia na mwavuli wangu, na jua halijawa kali nilikuwa Nizi.

Ulikuwa wakati ule serikali ilipowaruhusu watu wote kuchimba, na Nizi ilikuwa imejaa. Walikuwako Walendu na Wahema wa pande zetu, Waalur wa Mahagi ambao ni Wakatoliki tangu tumboni, watu wa Kivu, watu wa Isiro, Waislamu wa Maniema. Wanaume walichimba, wanawake waliosha mchanga. Walisimama mtoni maji yakiwafika magotini, wakizungusha karai mpaka jiwe jepesi litoke na zito libaki. Niliwaambia darasa litakuwa saa nane kanisani. Saa nane sikumwona mtu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilikwenda mtoni mwenyewe, na mwanamke mmoja akaniambia bila kuinua kichwa: "Kama weye iko na haraka ya kufundisha, fundisha hapa."

Nikafundisha pale. Chaki haikufaa, mikono yao ilikuwa imelowa kutwa. Kwa hiyo kila mmoja alitandaza mchanga uliokwisha kuoshwa ndani ya karai lake, akausawazisha kwa kiganja, akaandika kwa kidole. Ukikosea, unatikisa karai na kosa limekwenda. Sijapata ubao mzuri kuliko ule. Nilitembea kutoka karai moja hadi jingine, maji ndani ya viatu, halafu bila viatu. Majuma matatu yakawa miezi miwili, na miezi miwili ikawa mitano. Sikuwa nikiuliza habari za foni tena.

Mmoja wao ndiye aliyenibadilisha. Alikuwa Mwislamu wa Maniema, mtu mzima, mkali wa maneno, na alikuja kwa sababu moja tu, aliyoisema siku ya kwanza. Alikuwa na barua ya mume wake, aliyeondoka kwenda machimbo mengine. Mtu mmoja alikuwa amemsomea miaka miwili iliyopita, lakini alitaka kuisoma kwa macho yake mwenyewe. Nilijitolea kumsomea. Alikataa. Alijifunza herufi moja moja kama mtu anayepasua kuni, na mwezi wa nne alikuja na barua yenyewe, karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Akakaa juu ya jiwe. Alisoma kwa sauti ndogo, kidole kikitambaa, na ilimchukua muda mrefu, ingawa ilikuwa na mistari saba. Mume wake hakumletea salamu. Alimwambia ameoa huko, asimngoje.

"Yule alinisomea ingine," alisema. "Alisema bwana anasalimia, atarudi."

"Labda alikuhurumia," nilisema.

"Nani alimuomba?" akasema. "Miaka mbili miye nangoja, sababu yeye alinihurumia." Aliikunja barua, akaiweka kifuani, akaingia tena majini na karai lake. Kesho yake alikuja saa ileile akasema sasa anataka kujifunza kuandika.

Siku zile niligundua jambo ambalo sikuwa nimelizoea. Miguu yangu ilikuwa imetulia. Nilikuwa nikiamka nikijua nakwenda wapi, na jioni nilichoka uchovu wa kawaida. Niliipenda Nizi, matope yake na matusi yake, kuliko nilivyopenda mahali popote.

Halafu dereva wa lori akaniletea kikaratasi cha mchungaji. Pasipoti imekuja. Ndege ndogo ya misheni itanichukua mwisho wa mwezi. Sifa kwa Bwana.

Nilikisoma nimesimama barabarani. Nilijaribu kufurahi. Nilijaribu kuomba, na kila nilipofumba macho niliona karai. Nilijua ninachotaka, na nilijua pia kwamba hakifai kusemwa. Kanisani kwetu mwito ulipimwa kwa maumivu. Anayekwenda mbali akilia, huyo ametumwa. Anayesema "nataka kubaki hapa kwa sababu napenda hapa" huyo anajituma mwenyewe, na mambo ya kupenda ni ya mwili. Ningesimamaje mbele ya watu walionichinjia mbuzi na kunitandikia nguo zao, niseme kwamba nimeipenda Nizi, mahali ambapo wao huenda kuuza mihogo na kurudi?

Nilishuka Bunia. Komite ilikaa ofisini kwa mchungaji, wanaume wanne na mama kiongozi wa wanawake. Pasipoti ilikuwa juu ya meza, ya kijani, mpya, picha yangu ndani yake ikitazama mbele. Mchungaji aliomba, kisha akaniuliza kama niko tayari. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani nikiwa juu ya lori, lakini yote yalikimbia. Likaja neno lingine, rahisi, tayari kabisa, kama lilikuwa linangoja nyuma ya mlango.

"Ninamfikiria mama yangu," nilisema. "Ni mjane. Hana mtu. Haniruhusu kwa moyo."

Nyuso zao zililegea palepale. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema mama ni Mungu wa pili. Mchungaji alitoa kitambaa akafuta macho. Kwetu hakuna mtu anayebishana na mama wa mtu, na nilijua hivyo wakati nilipofungua kinywa, nisijifanye sikujua. Wakakubali nibaki, nirudi Nizi, karibu, niweze kumtunza. Kama Senegal bado inataka mtu, wangemtafuta mwingine. Nilitoka pale mwepesi. Nilimwambia mama kwamba komite imeamua nibaki, na sikumwambia zaidi. Alisema, "Sawa." Nikadhani amefurahi kwa namna yake.

Jumapili mchungaji akatangaza. Alikuwa mtu mwenye moyo mzuri, na watu wenye moyo mzuri hupenda kuongeza chumvi. "Dada yetu alikuwa tayari," alisema. "Pasipoti iko hapa. Lakini machozi ya mama yake yamemrudisha. Tusimhukumu mama huyu. Tumwombee apate nguvu."

Nilikuwa upande wa kwaya, nikaona vichwa vya wamama vikigeuka, kimoja baada ya kingine, mpaka benchi la nne. Mama yangu alikuwa amekaa katika kikwembe chake chenye kiraka, mikono mapajani. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama mchungaji mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine. Nje, wamama walimzunguka kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya.

"Mama, ulimutoa mutoto kwa Mungu, sasa unamuokota," mmoja alimwambia. "Kitu umemupa Mungu, hapana kukamata tena."

Alisema, "Aksanti," akachukua njia ya nyumbani peke yake.

Siku tatu hakunisemesha ila kwa lazima. Alinipakulia chakula kwanza, kwenye sahani nzuri, kama mgeni. Jumatatu nilikwenda mpaka daraja la mto Shari na kurudi mara mbili. Jumanne lori la Nizi lilikuwa linapakia, nikapanda na sanduku langu, nikakaa juu ya magunia, nikashuka. Dereva akaniuliza kama ninapanda au sipandi, ajue. Nilimwambia sijui. Nilikuwa na mahali pa kwenda, nilikuwa na kazi, nilikuwa na ruhusa ya kanisa zima, na sikuweza kukaa juu ya gunia la viazi.

Jumatano wamama walikuwa na mkutano wao wa kila juma. Mama yangu hakwenda. Hakuwa amekosa Jumatano moja tangu nilipokuwa mtoto. Nikaenda mimi. Baada ya wimbo wa pili nilisimama bila kuitwa.

"Mama yangu hakunizuia," nilisema. "Hakulia. Hakusema neno lolote. Mimi ndiye nilitaka kubaki. Nimeipenda kazi ya Nizi na sitaki kwenda Senegal, nikaogopa kuwaambia, nikamtaja yeye kwa sababu nilijua mtanikubalia."

Mtoto mmoja aliacha kunyonya. Mama kiongozi aliondoa miwani.

"Weye ulimutupa mama yako mbele, weye ukajificha nyuma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na siye tukamusema."

Kisha mama yule aliyeozesha mtoto, yule wa kikwembe cha kuazima, akasema yeye aliomba kwa ajili ya Senegal karibu mwaka mzima, usiku na mchana, na sasa anaambiwa ni Nizi. "Nizi hata miye naenda, siku ya soko," alisema. Wengine walicheka, lakini yeye hakuwa anatania, na alikuwa na haki. Niliwaomba msamaha. Niliwaambia wafue. Mama kiongozi alisema watafua, hiyo siyo juu yangu tena, na sasa nitoke maana wao wana safari.

Safari yenyewe ilikuwa kwetu. Walikwenda wote, na unga na sabuni, kama inavyofanywa mtu anapokuwa ameonewa. Mimi sikuthubutu kuwafuata. Nilizunguka soko mpaka likaanza kufungwa, nikanunua chumvi ambayo hatukuihitaji, nikarudi jua likiwa bado juu ya paa za Mudzipela. Wamama walikuwa wamekwisha kuondoka. Unga ulikuwa mlangoni, umefunikwa. Mama alikuwa uani kwenye kigoda, ungo wa maharagwe mapajani, akitoa mawe.

Nilikaa chini karibu naye. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kidogo. Nilifikiri nimemrudishia jina lake, na sasa tutaongea.

"Wamama walikuya," alisema.

"Najua, mama."

"Waliomba musamaha. Walisema weye umesimama, umesema miye hapana kukuzuia."

"Ni kweli. Hukunizuia."

Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Hapana kweli," alisema. "Kama ungeniuliza, ningekukataza."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira. Aliongea kama anavyoongea bei ya chumvi.

"Siku ile pasteur anasoma barua, weye ulinyosha mukono, miye nikajua pale kanisani pamoja na batu yote. Nikawaza, atafika nyumbani ataniuliza. Ulifika ukaanza kutafuta viatu. Nikawaza, mbele ya kutandika kikwembe ataniuliza. Halafu komite, weye ukawaambia maneno yangu." Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Ilikuwa maneno yangu kweli, weye hapana kujua. Ulisema tu."

Nilitafuta kichwani mwangu siku moja, moja tu, ambayo niliwahi kumwuliza. Nilianza na barua ya Senegal nikarudi nyuma, kwa wanaume wawili niliowakataa, kwa kitanda nilichogawa, kwa shule ya walimu niliyoandikishwa nikamwambia baadaye. Nilitafuta muda mrefu. Yeye alimaliza ungo, akamwaga maharagwe katika sufuria.

"Mama," nilisema, "lori la Nizi linaondoka kesho asubuhi. Niende?"

Sauti yangu ilinishangaza. Ilikuwa ya mtoto. Aliweka ungo chini, na nilielewa kwamba anawaza kweli, kwamba swali lilikuwa kubwa na hakuwa amezoea kupewa.

"Utaenda," alisema. "Lakini kesho hapana."

"Siku gani?"

"Sijui. Nitakuambia."

Nikasema ndiyo. Asubuhi dereva alipiga honi barabarani mara mbili, na mara ya tatu ndefu, na miguu yangu iliniwasha chini ya kiti. Niliyashika magoti kwa mikono miwili mpaka lori likaondoka, na mama alikuwa amekaa mbele yangu anakunywa chai yake, polepole, ananitazama.